Kitanda Kisichopitisha Mkebe

Jumatatu, 14 Julai

Baridi. Mlima haujaonekana siku ya tisa sasa. Kliniki na Benter asubuhi. Wiki tatu zimebaki, au mbili ikiwa walikosea kuhesabu!

Muuguzi Magdaline aliwakusanya akina baba kwenye benchi. Tulikuwa watatu. Akatufundisha habari za kitanda cha mtoto. Kisiyumbe. Godoro libane pande zote. Hakuna mto, hakuna mdoli. Na kati ya ufito na ufito, mkebe wa soda usipite. Mkebe ukipita, mwili wa mtoto utapita na kichwa kitabaki.

Nilimwuliza kama mtoto hatalia tukamsikia. Akasema hapana. Shingo ikibanwa, sauti haitoki. Alisema kwa sauti ile ile aliyotumia kutuonyesha choo kilipo.

Sikuweza kumaliza chai.

Mwaka juzi tulipoteza mimba ya miezi mitano. Hatuizungumzii. Nilikuwa nimeshanunua soksi. Ziko kwenye droo, chini ya vyeti vyangu vya shule.

Tukirudi Ruring'u, Benter akaniambia ameona kitanda dukani kwa Bipin, mjini. Imara, na bei si ya kutisha. Nikipitie kesho. Nikamjibu kwamba mimi ni mtu wa Wamunyu. Kwetu watu huchonga twiga kutoka kwenye gogo macho yakiwa yamefumbwa. Sisi hatununui mbao dukani.

Benter hakusema kitu. Ni mwalimu wa darasa la nne. Anajua kutosema kitu.

(Mimi binafsi sijawahi kuchonga. Nilisomea ukarani, na sasa ni karani wa ofisi ya mifugo. Lakini hilo halijulikani Nyeri nzima.)

Jumanne, 15 Julai

Nilitoroka ofisini saa sita nikaenda kwa Bipin. Kitanda kipo. Kimoja tu kimebaki. Nikakitikisa: kimya. Nikakiegemea: kimya. Bipin akaniambia nikipande kama napenda, shemeji yake alikipanda na ana kilo tisini. Nilikuwa na mkebe wa soda mfukoni. Haukupita! Nikajaribu pande zote nne. Haukupita popote.

Nilihisi kifua kikifunguka. Karibu niseme nakichukua.

Ndipo nikasikia sauti nyuma yangu. Jackton. Koplo wa polisi, jirani yangu, mlango wake unatazama wangu. Mtoto wake ana miezi miwili, na tangu azaliwe, Jackton amekuwa profesa. Ananifundisha kupasha maziwa. Ananifundisha kukunja nepi, nikiwa nimeanika suruali zangu tu! Akaniambia kwa furaha kwamba yeye alinunua hicho hicho. Akamwambia Bipin anipunguzie kidogo, mimi ni kama mdogo wake.

Mdogo wake! Nimemzidi mwaka mmoja na miezi minne.

Nikasema nilikuwa napita tu. Bipin akasema atanishikia hadi Jumamosi.

Mpango: fundi. Kitanda bora kuliko cha Jackton, kwa bei ya chini. Benter asijue mpaka kiwe tayari.

Alhamisi, 17 Julai

Niliomba ruhusa ofisini. Nikasema nakwenda kukagua ng'ombe Wamagana. Si uongo kabisa. Niliwaona ng'ombe wawili.

Fundi anaitwa Gatimu. Mzee mpole, penseli sikioni. Nikamweleza ninachotaka, naye akapima hewa kwa mikono yake akasema ni kazi ya siku tatu. Kila kitu kilikuwa sawa mpaka nilipoingia ndani ya karakana kuchagua mbao.

Majeneza. Matano, yameegemea ukuta. Nikajiambia fundi ni fundi, watu wanalala na watu wanakufa. Kisha nikaona la sita. Lilikuwa juu ya meza. Urefu wake, mkono wangu tu.

Gatimu akaona ninapoangalia. Akavuta gunia akalifunika. Akasema, "Hiyo ni ya watu wa juu huko. Pole, sikujua utaingia."

Nikatoka nje nikasimama kwenye baridi. Nilijaribu kufikiria mikono ile ile, randa ile ile, na mtoto wangu juu yake. Haiwezekani. Sina ubaya na mzee. Lakini haiwezekani!

Nikamwambia aniuzie mbao tu, nitatengeneza mwenyewe. Akanijibu, "Hii mbao iko na maji bado. Ngoja mwezi mmoja." Nikamwambia mwezi sina, na kwamba mimi natoka Wamunyu. Akaniangalia kwa muda mrefu. Nadhani ilikuwa heshima.

Jumamosi, 19 Julai

Benter aliondoka asubuhi, ati mkutano wa walimu. Vizuri sana! Nikaanza kazi chumbani.

Kutoboa kunahitaji mashine. Mwenye mashine ni Jackton. Nikamwambia ni ya pazia. Akaja nayo mpaka mlangoni, akachungulia juu ya bega langu, akauliza pazia gani linahitaji mbao kumi na saba. Nikafunga mlango kwa adabu.

Saa tatu: ninapiga msumeno. Saa tano: nimegundua kwamba fito nne nimezikata fupi. Saa sita: nimegundua kwamba si nne, ni sita. Mbao zimekwisha. Nikazitawanya zilizobaki, ili nafasi zigawane hasara.

Saa nane kitanda kimesimama. Kimesimama! Nilikizunguka mara tatu. Kinanuka kama msitu. Ukikigusa kinajibu kidogo, lakini hata daraja hucheza.

Kisha nikachukua mkebe wa soda. Ukapita. Ukapita bila kugusa mbao.

Nilikaa sakafuni. Nilisikia sauti ya Magdaline kana kwamba amesimama nyuma ya mlango. Nikawaza. Kweli alisema mkebe wa soda. Lakini kuna soda ndogo na soda kubwa. Nikatafuta jikoni nikapata mkebe wa mafuta ya kupikia, wa kilo mbili. Huo haukupita, isipokuwa pale kwenye kona. Nikaweka blanketi kwenye kona.

Benter alirudi saa kumi na moja. Nikamwambia asiingie chumba kile mpaka kesho. Hakuuliza kwa nini. Nikaogopa zaidi.

Jumapili, 20 Julai

Naandika na shingo imefungwa kitambaa. Siwezi kugeuka kushoto.

Baada ya kanisa nilimshika Benter mkono nikamwingiza chumbani. Alikiangalia kitanda. Akaondoa blanketi kwenye kona. Akatoa mkebe wa soda kwenye mkoba wake (alikuwa nao wapi siku zote hizi?) akausukuma kwa kidole kimoja. Ukaanguka juu ya godoro. Akakaa kwenye kiti, akashika tumbo lake kwa mikono miwili, na macho yake yakajaa.

Sikuweza kuvumilia hayo macho. Ningefanya lolote. Nilichofanya ni hiki: nikamwambia kichwa si mkebe, kichwa kina akili, kikiingia kitatoka. Nikapiga magoti nikakiingiza changu pale kwenye kona.

Kiliingia.

Hakikutoka.

Nikavuta. Masikio yakakataa. Nikavuta tena, na upande mzima ukalegea, kitanda kikainama kama ng'ombe anayelala, nami chini yake. Ufito ulinikaa kooni. Nilitaka kumwambia Benter asiogope. Nikafungua mdomo. Hakuna kilichotoka! Hata mlio. Nilimsikia Magdaline kichwani: sauti haitoki. Basi ilikuwa kweli. Nilikuwa mtu mzima, kilo sabini na moja, na mke wangu hatua mbili kutoka kwangu, na hakuna aliyenisikia.

Niliona miguu ya Benter tu. Imevimba, bila viatu. Aliinama akajaribu kuinua kitanda, na tumbo lile, na nikamsikia akipumua vibaya. Hapo ndipo nilipoogopa kuliko siku zote za maisha yangu. Si kwa ajili ya shingo. Niliwaza: mwaka juzi ilianza hivi, kwa kuinua ndoo. Nilimpungia mkono aache. Akaendelea. Nikampiga teke kidogo kwenye kifundo cha mguu. Akaacha, akatoka nje akipiga kelele.

Jackton alikuja na msumeno, akiwa na fulana na suruali ya suti ya kanisani. Nilingoja acheke. Hakucheka. Alilala sakafuni kando yangu mpaka nikauona uso wake, akaweka kiganja chake kati ya msumeno na koo langu.

"Usivute, kaka," akasema. "Tulia. Niko hapa."

Akaanza kukata, polepole, jicho lake kwenye koo langu.

Alipokata ufito nikavuta hewa kama mtu aliyetoka mtoni. Benter alikuwa mlangoni, amejishikilia kwenye fremu. Nikamwuliza mtoto. Akasema mtoto anacheza. Akaniita na kuweka mkono wangu hapo. Kweli alikuwa anacheza. Nikalia. Jackton alijifanya anatafuta misumari sakafuni.

Baadaye, nje, aliniambia jambo. Kwamba tangu mtoto wake azaliwe anaamka kila usiku mara nne, tano, kuweka kidole chini ya pua yake. Kwamba kile kitanda cha Bipin alikijaribu kwa mkebe kila siku kwa wiki mbili, akidhani labda fito zinasogea. Risper, mkewe, hajui.

Nikamrudishia mashine yake.

Jumatatu, 21 Julai

Ofisini nimesema nililalia shingo vibaya. Saa sita nikaenda kwa Bipin mbio, nikiwa tayari kulipa bei yoyote. Pale kitanda kilipokuwa pana ndoo za plastiki.

Kimeuzwa! Jumamosi asubuhi. Nikauliza na nani, nimfuate, nimwombe, nimpigie magoti. Bipin akasema ni mwalimu mmoja mjamzito, mwenye sura ya upole lakini bei alishusha kwa ukali sana.

Jioni nikarudi nyumbani kwa miguu, njia yote hiyo.

Benter alikuwa anasahihisha madaftari. Nikamwuliza mkutano wa walimu ulikuwaje. Akaendelea kusahihisha. Akasema kitanda kiko kwa Risper, nyuma ya kochi, tangu Jumamosi. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia. Akaweka kalamu chini.

"Kyalo, tangu kliniki hulali wala huli. Nikaona afadhali upige misumari kuliko ukae tu ukiwaza."

Nikabeba kitanda na Jackton jioni hiyo. Kabla ya kukiweka chini, tuliangaliana. Kisha kila mmoja akatoa mkebe wake.

Haukupita.

Alhamisi, 31 Julai

Msichana!

Manyunyu tangu alfajiri. Nimekaa kwa muda wa saa kumi na moja kwenye benchi la korido ya hospitali. Nilisoma tangazo la kunawa mikono mara mia mbili. Kila mlango ulipofunguka niliinuka, na kila mara nililiona lile gunia la Gatimu na kilichokuwa chini yake. Muuguzi alipokuja sikuweza kumwangalia usoni. Nikaangalia viatu vyake. Viatu vikasimama mbele yangu, vikasema hongera.

Kwa kina Benter aliyezaliwa mvuani ni Akoth. Kwetu ni Mumbua. Atabeba yote mawili.

Ana hasira. Alinishika kidole akanivuta kana kwamba nimechelewa.

Jumapili, 10 Agosti

Mtoto analala vizuri. Kitanda hakiyumbi. Nimemwahidi Benter, mbele ya Jackton na Risper, kwamba sitatengeneza tena kitu chochote atakachotumia mtoto huyu. Nimeahidi kwa moyo wangu wote. Nimejifunza.

Ila kuna jambo la uzito wake.

Ananyonya, lakini mbona mikono ni myembamba? Jackton anasema ni sawa. Jackton si daktari. Kliniki ni Alhamisi. Siku nne! Katika siku nne lolote linaweza kutokea. Na kule ofisini tuna mizani ya kuning'iniza, ya kupimia ndama, ina mkoba wake wa turubai na ndoano, haijatumika tangu Machi. Nimeileta ndani ya gazeti. Hii si kutengeneza. Ni kutundika tu.

Benter na mtoto wako kwa Risper hadi saa kumi. Nimepata boriti nzuri darini. Nimepiga msumari mmoja wa inchi sita, nikauvuta kwa mkono, haukuja. Nimejaribu na paka wa mwenye nyumba. Kilo tatu na nusu! Paka ametulia kabisa, ananing'inia, ananiangalia.

Vumbi kidogo linashuka, lakini ni dari ya zamani.

Nikiongeza msumari wa pili itakuwa imara kuliko ile ya kliniki.