Rivolva au ya Magazini

Jumatatu, 4 Julai 1994. Kilosa.
Donati kapata bastola! Kibali halali, muhuri halali. Tangu biashara ziachiwe huru, mimi na yeye tunagombania vitunguu vya Lumuma. Sasa anachomekea shati ili kitako cha bastola kionekane, na wakulima wanampimia yeye kwanza. Mimi nasubiri juani kama kibarua. Haiwezekani! Naomba yangu. Kamati ya usalama ya kata inakaa tarehe 15. Bila barua yao, polisi hawapokei fomu.

Jumatano, 6 Julai.
Rivolva, au ya magazini, ile ya kupachika kisanduku cha risasi kitakoni? Mzee Kasian, askari mstaafu, nimempa shikamoo yake, akanishauri rivolva. Risasi sita tu, lakini haikwami. Ya magazini, alisema, ikila vumbi la Lumuma itakugomea siku ya shida. Lakini Donati ana rivolva. Basi mimi siichukui ng'o! Halafu rivolva ina tumbo la risasi katikati. Chini ya shati watu watadhani nina jipu. Ya magazini ni bapa. Inakaa kiunoni kiungwana.

Jumamosi, 9 Julai.
Beda, fundi viatu, kakataa kushona mkoba wa bastola bila kipimo. Anasema yeye hashonei hewa. Nimechukua mche wa sabuni wa mke wangu Devota, nikachonga ya magazini. Mche wenyewe ni bapa. Hata sabuni inakubaliana nami! Nikaipaka rangi ya viatu. Devota anauliza sabuni ya sare za watoto imekwenda wapi. Nimemjibu kwamba mambo ya usalama hayajadiliwi jikoni.

Jumatatu, 11 Julai.
Nimeivaa mpaka Mikumi, kiuno kizoee. Mwenye hoteli kaniletea supu kabla ya watu wote! Jasho likatoka, kiuno kikaanza kuwasha na kutoa povu. Nimevumilia.

Ijumaa, 15 Julai.
Kikao. Nilikusudia kuiacha nyumbani. Nikasikia Donati ni mjumbe. Nikaivaa.
Mwenyekiti, Mzee Optatus, ni mtu mzima, nikainama kumwamkia. Shati likapanda. Yowe! Wajumbe wakaingia chini ya meza, mgambo wawili wakanilalia. Bi Getrude, katibu, akaiokota, akainusa, akatangaza kwamba silaha hii ni ya kufulia. Donati kacheka mpaka kashika ukuta. Nikawaambia mtu makini hujaribu kwanza ndipo anaomba! Hawakusikia. Barua wameandika: nisipewe kibali, nisirudi kuomba kabla ya miaka mitano. Imeniuma sana.

Jumapili, 17 Julai.
Lumuma nzima inaniita Bwana Sabuni. Waite!
Nimetafakari kanisani mahubiri yote, na kosa nimeliona. Si langu. Ni la aina. Mzee Kasian alisema kweli: ya magazini imenigomea siku ya shida. Ilikuwa nichague rivolva tangu mwanzo.
Ila rivolva ina tumbo, mche mmoja hautoshi. Nimenunua miwili. Devota kanishukuru, anadhani ni ya sare.