Joto la Habari Zilizofutwa

Jumatatu, 9 Juni 2025
Klementina wangu kaja likizo. Kakonda! Chuo kinamnyonya mtoto. Nimemchinjia kuku. Wakati wa kula akabishana na katekista Yakobo. Mtoto anasema habari ni kitu kama vitu vingine, lazima ikae mahali: karatasi, sauti, simu, kichwa cha mtu. Na ukiifuta, joto linatoka! Ndiyo fizikia yao. Yakobo akasema habari ni maana tu, na maana haina mwili. Klementina akamwomba basi amwonyeshe habari moja isiyokalia kitu chochote. Yakobo akaomba paja.

Mimi sikumeza tena. Simu yangu nailaza juu ya pamba. Pamba ya msimu mzima, imejaa chumbani hadi dirishani, na ndiyo itakayomrudisha Klementina chuo. Yesu wangu!

Jumanne, 10 Juni
Simu imejaa, inadai nifute. Anayeijaza ni jirani yangu Generoza, kila asubuhi video za ng'ombe wake. Nimemuuliza Klementina joto lenyewe ni kiasi gani. Kacheka. Eti dogo mno, mayu, mama yangu, hata sisimizi halisikii. Njiti ya kiberiti nayo ni ndogo!

Nikapata akili. Nikampelekea Generoza simu, nikasingizia macho, anifutie kwake. Moto ukitoka, utoke huko. Kanirudishia jioni. Hajafuta hata ng'ombe mmoja. Kajipiga picha humo.

Jumatano, 11 Juni
Nimegusa pamba. Ya moto! Klementina anasema ni jua la dirishani. Mtoto hajui kuogopa. Alipotoka nikanyunyiza maji pamba yote, polepole, kama padri na maji ya baraka. Ndipo nikafuta ng'ombe, na Generoza mwenyewe. Nilifumba macho. Haikuwaka! Fizikia nimeiweza.

Alhamisi, 12 Juni
Aibu. Nimepeleka pamba ghalani kuuza. Paschal, katibu wa chama chetu cha ushirika, kaingiza mkono kwenye gunia langu, katoa pamba mbichi. Akaniuliza mbele ya foleni, mayu, umeanza lini kuiba uzani? Maana wapo wanaomwagia pamba maji ili mizani ipande. Mimi! Nikaeleza mambo ya simu na joto. Ikawa mbaya zaidi. Generoza alicheka mpaka akakaa chini. Pamba imekataliwa. Klementina hakunigombeza, akaanza tu kuianika. Afadhali angenigombeza.

Jumatatu, 16 Juni
Imekauka! Imepokelewa! Klementina atarudi chuo. Nililia pale pale ghalani. Paschal akanifariji, akasema nisione haya, mambo ya juzi watu wote wameshasahau.

Wote? Kwa mpigo? Na wanashinda ghalani, vichwa wameegemeza kwenye magunia!

Nimezunguka nyumba kwa nyumba nikiwakumbusha. Mimi ndiye niliyelowesha pamba, jamani, mimi ndiye wa simu, msifute. Wengine wamenifungia mlango. Ila Generoza kaapa hatasahau mpaka aingie kaburini.

Mungu ampe maisha marefu.