Joka Halimo Kwenye Orodha

Jumatatu, 3 Juni

Konokono! Mtu mzima mimi, na ndevu zangu, napewa konokono!

Kituo chetu cha televisheni kinatafuta msimulizi wa kipindi kipya cha wanyama. Meneja wa vipindi katangaza leo: anayetaka nafasi aandae filamu ya dakika kumi kuhusu mnyama mmoja, aioneshe Ijumaa. Majina ya wanyama yamebandikwa ubaoni, kila mtu ajichagulie. Nimechelewa dakika nne tu. Simba kachukuliwa. Mamba kachukuliwa. Tembo kachukuliwa na Sauti ya Asali, yule msoma hali ya hewa anayelipaka koo lake mafuta kama bawaba ya mlango. Kabaki konokono.

Miaka tisa nasoma matangazo ya vitu vilivyopotea. Miavuli. Funguo. Meno bandia, mara mbili. Sauti kama hii! Halafu Sauti ya Asali ananiambia mbele za watu kwamba konokono atanifaa, maana sote wawili hatuna haraka. Wakacheka. Hata mfagizi.

Nimejifungia chooni kuyasoma masharti upya. Yanasema "mnyama yeyote". Hayasemi lazima awepo.

Nimerudi ubaoni nikaandika: joka.

Jumanne, 4 Juni

Simulizi tayari. "Joka jike hutaga mayai matatu kwenye majivu ya moto, kisha huyalinda peke yake, kwa maana dume halisaidii kitu." Tamu! Mke wangu kasoma, kauliza nani aliyeona hayo. Nikamuuliza kama Sauti ya Asali amewahi kumzalisha tembo. Akasema tembo yupo lakini. Yuko upande wa nani, huyu?

Joka lenyewe kalitengeneza shemeji, kaka yake mke wangu, fundi wa kuchomelea vyuma. Mwili wa mabati ya mifereji. Mabawa ya miavuli ambayo hakuna aliyekuja kuidai. Kichwa ni bata aliyefiwa. Nimemwambia hivyo. Kanijibu kwamba nilimletea birika, na nyundo si uchawi.

Moto ulipaswa kutokea mdomoni. Ukatokea nyuma. Na nyuma nilikuwepo mimi, nimevaa koti langu pekee la heshima. Shemeji kacheka mpaka kakaa chini.

Jumatano, 5 Juni

Filamu ya wanyama bila mtaalamu ni porojo. Nikamfuata daktari wa mifugo, mtaa wa pili. Kagoma. Eti ana wateja, hawezi kusema uongo mbele ya kamera. Nikambembeleza ajibu maswali ya jumla tu, joka nitalichomeka mwenyewe. Kakubali shingo upande.

Nikauliza, kwa sauti nzito, mnyama mkubwa asipokula siku tatu ana nini. Minyoo, akasema. Akipukutika magamba? Minyoo. Akitoa moshi puani? Hapo alifikiri. Akasema kwanza waitwe zimamoto, kisha apewe dawa ya minyoo.

Joka, mtawala wa anga, na minyoo!

Mpiga picha niliyepewa na kituo, kamera ilikuwa ikimtetemekea mikononi. Nikamuuliza kulikoni. Akasema ni upepo. Ndani ya chumba!

Alhamisi, 6 Juni

Leo zamu ya shahidi. Nilimchagua mama mkwe. Anaishi nasi tangu baba mkwe alipofariki, Februari. Anakaa dirishani jikoni, haongei sana, uso wake umejaa huzuni. Ndicho hasa ninachokitafuta! Mke wangu akanionya nisimsumbue mama yake. Nikasema ni dakika mbili. Maneno yenyewe matatu: Nililiona. Likapaa. Nikalia.

Dakika arobaini!

Kamera ilipowashwa, karekebisha mtandio, kakohoa.

"Joka nalijua, mwanangu," akasema. "Nakaa nalo nyumba moja."

Nikanong'ona: "Likapaa, Mama. Likapaa."

"Lipae wapi? Likishashiba linalala. Likiamka linapiga kelele kwamba dunia nzima inalionea. Moto linao, lakini wa mdomoni tu. Uliambie litundike rafu ya jikoni, litakwambia linatafakari. Mwezi wa tatu huu, linatafakari!"

Mpiga picha alikuwa kauma mkono wa shati lake. Shahidi naye akaanza kucheka, kicheko kikubwa cha kifuani, mpaka akajifuta machozi. Mke wangu kaja mbio kutoka chumbani, kasimama mlangoni, mkono mdomoni. Nikajua kaona aibu kwa niaba yangu.

Nimeagiza kipande chote kikatwe.

Ijumaa, 7 Juni

Hakikukatwa! Mpiga picha kaacha dakika nne nzima. Anasema mkono uliteleza.

Kwanza ikaoneshwa ya tembo. Watu wakapiga miayo kwa adabu. Kisha yangu. Kwenye majivu ya moto, kimya. Nikafurahi. Kwenye minyoo, meneja kaishika meza kwa mikono miwili. Alipotokea mama mkwe, mhasibu ikabidi atolewe nje kupata hewa. Mwisho wote wakasimama kupiga makofi. Nikainama, ndani ya koti la kuazima.

Meneja kasema hiki ndicho kitu ambacho kituo kilikikosa: wanyama wasiokuwepo, kila wiki, wakielezwa kwa uso mkavu. Msimulizi kishapatikana. Mama mkwe.

Na mimi? Nitakuwa ndani ya joka. Miguu ya mbele.

Nikamwambia sikuandaa vichekesho, nimeandaa sayansi. Wakacheka tena. Sauti ya Asali, aliyerudishiwa filamu yake ya tembo, kanishika mkono akasema amecheka kwa dhati. Sijawahi kutukanwa hivyo.

Nyumbani nikamweleza mke wangu kwamba mama yake ameniibia kazi, na kesho atakataa, nitahakikisha. Aliendelea kukunja nguo.

"Tangu Baba aondoke sijamsikia Mama akicheka," akasema. "Jana nilidhani ni redio. Nikaja mbio nione. Mwachie hiki, mume wangu. Nakuomba."

Nilikuwa na hoja saba. Nikaziacha hapo, nikaenda kutundika rafu ya jikoni. Imekaa upande, lakini imekaa.

Jumapili, 9 Juni

Mama mkwe kasaini mkataba. Tangu asubuhi anatembea sebuleni akifanya mazoezi, na kanifahamisha kwamba miguu yangu ya mbele haina hisia. Sawa. Mimi ni muungwana.

Ila nimetafakari, na kosa nimelijua. Mpango ulikuwa safi! Tatizo lilikuwa joka. Bati halidanganyi mtu. Anatakiwa mnyama mwenye damu na pumzi. Farasi mwenye pembe moja! Hayupo kwenye orodha ya mtu yeyote. Kesho nampandisha mwenyewe hadi ofisi ya meneja, ghorofa ya tatu, tuone nani atacheka.

Nimemwazima punda wa muuza maji. Pembe ya plasta kaikubali bila neno. Tumefanya mazoezi kwenye ngazi za jengo letu. Ghorofa tatu kapanda kama mwenye nyumba. Kushuka ndiko hataki kusikia. Saa ya tatu sasa, tuko hapa, na majirani wa juu na wa chini wananipigia kelele.

Wivu mtupu.