Kuku Chini ya Blanketi

Jumatatu, 3 Machi
Chumvi imetoweka nyumbani! Tangu zahanati wanipime presha, Mama Watoto ameificha pasipojulikana. Nimepekua kabati. Nimepekua gunia la maharage. Nimepekua hata viatu vyangu vya Jumapili. Wapi! Mchana nimekula kabichi la kuchemsha. Maji yake yalikuwa na ladha kuliko kabichi lenyewe.

Isitoshe, ameniandikisha kwenye mafunzo ya afya na lishe ya familia, pale ukumbi wa mtaa. Amesema nikiacha, au nikijiletea balaa lolote la tumbo, atamwita mama yake aje asimamie sahani yangu. Mama mkwe! Mkwe habishiwi. Akipakua unakula, unashukuru, unaomba nyongeza. Nimekubali mafunzo kwa moyo mkunjufu.

Jumanne, 4 Machi
Mafunzo si mabaya hata kidogo! Mwalimu ni muuguzi wa zahanati, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kengele. Anapika mbele yetu, anaeleza, kisha (hapo nilikaa wima) mtu mmoja anaitwa kuonja. Leo kaitwa fundi cherehani, jirani yangu wa ukuta mmoja. Kaonja samaki, kafumba macho. Yule hata akila wali mkavu hufumba macho.

Muuguzi katangaza kwamba Jumamosi kila mtu alete sufuria yake. Atakayepika vizuri na kwa usalama atakuwa mwonjaji wa darasa hadi mafunzo yaishe. Miezi mitatu ya kuonja kihalali, mke wangu asijue! Cheo hicho ni changu. Fundi abaki na cherehani yake.

Alhamisi, 6 Machi
Nimemnong'oneza muuguzi kwamba fundi hanawi mikono ipasavyo, analowesha ncha za vidole tu. Nilitarajia aondolewe. Badala yake muuguzi kanisifu mbele ya wote kwa jicho langu kali, kanikabidhi jagi. Kuanzia leo mimi ndiye mnawishaji!

Kila mtu hunawa kwa sabuni huku akiimba wimbo. Fundi kachagua wenye beti nyingi. Kaziimba zote, macho yake kwenye macho yangu. Mchimba kisima huingia mwenyewe.

Somo lilihusu chakula kilicholala. Nimelisikia nusu: chakula kilichopikwa kisiachwe wazi. Nusu nyingine ilinikuta bombani nikichota maji. Nusu inatosha kwa mtu mwerevu.

Ijumaa, 7 Machi
Mama Watoto yuko kwa dada yake hadi jioni. Nimepika kuku! Chumvi sina, ila limau na tangawizi zimejitahidi. Harufu imetembea mtaa mzima. Fundi kachungulia ukutani, kauliza kama nina mgeni. Nimemjibu kwamba ndiyo, ushindi unakuja kesho.

Sasa ujanja wenyewe. Wenzangu watapika asubuhi, watafika wakihema, masizi usoni. Mimi nimemaliza! Sufuria nimeifunika, nikaizungushia blanketi la kitinda mimba wetu, nikaiweka nyuma ya kabati. Isiachwe wazi: haiko wazi. Tena itabaki na joto lake. Mtoto atalala na koti.

Jumamosi, 8 Machi
Nimemtembelea kuku alfajiri. Vuguvugu kabisa! Nikaonja paja, kuhakikisha. Nikaonja na la pili, kulinganisha.

Ukumbini nimefungua blanketi kwa madaha. Muuguzi kauliza nimepika lini. Nimejibu kwa sauti, fundi asikie, kwamba ni jana mchana, na sikutumia hata kipande cha mkaa kumtunza. Ukumbi mzima ukageuka kunitazama. Nilidhani ni heshima.

Muuguzi kainyanyua sufuria yangu, kaifanya somo la siku. Kumbe chakula cha vuguvugu ndicho godoro la vijidudu, huzaana humo usiku kucha, na harufu nzuri haithibitishi kitu. Kauliza kama yupo aliyemla. Nimetazama dari. Kuku wangu kazikwa shimoni, kafukiwa na majivu. Fundi kashinda kwa mayai ya kuchemsha na mchicha. Mayai! Lakini tuulizane ukweli: ni sufuria ya nani iliyofundisha watu?

Jumapili, 9 Machi
Nimehamia chooni. Fundi kanisalimia kupitia ukutani, kauliza mbona siimbi.

Si mchezo, nimeumwa kweli. Nilipomwona Mama Watoto kando ya kitanda, kanishika mkono, machozi yanamlengalenga, niliona haya. Nikamwambia nimekoma, kabisa kabisa. Kaniamini, masikini. Kisha kamwita mama yake.

Jumatatu, 10 Machi
Mama mkwe amefika. Kaniita mwanangu, kanipa pole, kaagiza nipewe maji yenye sukari na chumvi kidogo, kama muuguzi alivyoelekeza. Chumvi! Nimemeza funda la kwanza nikatokwa na machozi. Wamedhani ni maumivu. Na nimeona Mama Watoto alikoitoa: kopo la vifungo, juu ya kabati. Na mimi nilikuwa napekua viatu!

Sasa wote wawili wameenda sokoni kuninunulia kabichi. Tumbo limetulia, nyumba kimya. Ile Ijumaa nilitenga kidari kimoja kwenye bakuli, nikakisukuma chini ya kitanda, endapo ushindi ungechelewa. Kimefunikwa vizuri, hakiko wazi hata kidogo. Nimekinusa. Kinanukia safi. Kilichopungua ni chumvi tu, na sasa najua iliko.