Ukurasa wa 212 na Viganja vya Mzee Minko

Waheshimiwa Wanakamati wa Mwongozo wa Kompaila,

Natumaini barua hii inawakuta wazima, mmetulia kwenye viti vya magurudumu, mmeridhika na kazi yenu. Mimi ni Ognyan Haralanov, mtunga programu wa bonde la waridi, karibu na mji wa Kazanlak, na kompaila yenu ndiyo inayozitafsiri programu zangu kwa lugha ya mashine. Nawapongeza kwa ukurasa wa 212, unaoeleza amri za kuomba kumbukumbu ya kompyuta. Sijapata kusoma hadithi ya kubuni iliyonigusa kiasi hicho. Hata hivyo, nina malalamiko madogo.

1. Mnasema kumbukumbu inayotolewa "huwa safi, imejaa sifuri tupu." Waheshimiwa, ile ni chumba cha kupanga ambamo mpangaji wa jana ameacha soksi chini ya kitanda. Programu yangu inaendesha vyungu vya shaba vya Bi Velichka, vinavyochemsha maua ya waridi ili kutoa mafuta. Asubuhi ya tarehe ishirini na mbili Mei, iliomba nafasi ya kuandikia kama chungu cha tatu kina maji. Kwa kuwaamini ninyi, nilitarajia sifuri, yaani hakina. Ikakuta moja, soksi ya jana. Basi ikaamini maji yamejaa, ikawasha moto chini ya chungu kikavu chenye kilo mia tano za maua yaliyochumwa alfajiri ileile.

2. Mnasema "mtumiaji hana haja ya kukagua." Nami, mtiifu, sikukagua. Aliyekagua ni Mzee Minko, mchochea moto wa miaka thelathini na moja, tena alikagua kwa pua.

"Zima! Chungu kinaungua!" alipiga kelele.

Nikamwonyesha skrini. "Mzee, maji yamejaa. Soma mwenyewe."

"Ogi, pua yangu haitumii umeme!" akasema, akaikamata koki ya gesi, iliyokuwa ya moto kama pasi, akaizungusha kwa mikono mitupu mpaka ikafunga. Viganja vyote viwili vikatoka malengelenge.

Bi Velichka alipofika, aliitazama skrini, si viganja. "Kompyuta inasema maji yapo. Basi wewe ndiye uliyeniunguzia maua. Nenda nyumbani, Minko." Katikati ya mavuno! Akanigeukia mimi. Nami, naandika haya kwa aibu, nikaitikia kwa kichwa.

3. Mnasema mtu akiomba kumbukumbu yake iongezwe, "anwani ya zamani hubaki ileile." Haibaki. Amri yenu huweza kuhamishia kila kitu mtaa wa pili bila hata kuaga. Nilihitaji siku tisa kuyagundua yote haya, na msimu wetu ni wiki tatu. Siku hizo tisa Mzee Minko alikaa barazani kwake, akisikia harufu ya kazi yake ikifanywa na wengine.

4. Mfano wenu wa mwisho unarudisha kumbukumbu ileile mara mbili. Kwa bibi yangu, ukirudisha sufuria moja mara mbili, utaulizwa ya pili umeiiba wapi.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu, ukurasa huo ung'olewe. Aliyeuandika aletwe huku achume waridi msimu mzima bila glavu. Kisha jina lake lifutwe katika orodha ya raia, na mahali pake pajazwe sifuri tupu, kama alivyotuahidi.

Wasalimieni wenzi wenu, watoto, na wahakiki wenu, kama mnao.

Ni mimi, mwenye masikitiko niliyoyakagua mara mbili,
Ognyan Haralanov

Nyongeza: Kabla sijaifunga bahasha, mke wangu Tsvetana aliisoma barua hii, akaniuliza jambo moja tu: "Kwa nini programu iliiuliza kumbukumbu, isikiulize chungu?" Ukweli ni kwamba kipimo cha maji kipo. Mzee Minko alikifunga mwenyewe kwenye chungu mwaka jana, akaniomba nikiunganishe na kompyuta. Nilimwambia hakuna haja, nimesoma mwongozo.

Nimeshamweleza Bi Velichka kwamba kosa ni langu. Kisha nikaenda kwa Mzee Minko. Alinifungulia mlango kwa kiwiko, maana bandeji bado zipo, akanisikiliza nikiwa nimesimama mpaka nikamaliza.

"Ingia," akasema. "Kahawa utachemsha mwenyewe. Na maji uweke kwanza."