Bonyeza Moja kwa Sari

Bhadresh alikuwa akipita mbele ya duka la Ratanben, katika soko la nguo la Surat, alipoisikia simu ya kaunta ikilia, ikikatika, ikilia tena, na hakuna aliyejisumbua kuipokea. Mate yakamjaa mdomoni. Biashara inalia, na mwenyewe amekaa anakunja sari!

"Masi," alisema, akimwita mama mdogo ili kujipendekeza, akivua viatu kabla hajakaribishwa, "wateja wanakupotea hivi hivi. Nikufungie mtambo wa simu. Unapokea wenyewe, tena kwa adabu: anayetaka sari abonyeze moja, anayekujulia hali abonyeze mbili."

"Na mimi nifanye nini?"

"Unenepe tu, Masi."

Ratanben akacheka, akaagiza chai. Chai ikinywewa, fundi wetu mwaminifu akaweka kanuni yake: kila atakayebonyeza moja, simu ikimbilie mfukoni mwa Bhadresh. Alikwisha kuuza skuta yake na kujaza chumba marobota ya sari. Kilichobaki ni kuwauzia wateja wa mwenzake, kazi ya halali kabisa ukiitazama kwa jicho moja.

Kesho yake hakuna aliyebonyeza kitu. Wateja wa Ratanben hawakuwa watu wa kupiga simu, walikuwa wakibipu. Mlio mmoja, lete kama za jana. Miwili, lete za harusi. Mitatu, nakuja mwenyewe, weka chai. Soko zima lilijua hivyo isipokuwa Bhadresh, kwa sababu simu zote alizowahi kupiga alipiga kwa salio la watu. Sasa mtambo ulidaka kila simu kwenye mlio wa kwanza na kula salio. Kufika adhuhuri duka lilijaa wanawake waliofura.

"We kijana, mashine yako imeninyonya!" mmoja alimfokea. "Nirudishie salio langu!"

Haraka haraka Bhadresh akabadilisha kanuni: mtambo usipokee mpaka mlio wa ishirini. Wabipuji wakatulia. Wakabaki wenye subira ya milio ishirini, na hao duniani ni aina moja tu: watu wenye kitu cha kukuuzia. Wote wakabonyeza moja. Kutwa nzima Bhadresh akawa anasikiliza habari za bima na vichujio vya maji.

Mmoja wao, mzee mwenye sauti laini kama samli, alimwonea huruma.

"Sari zimekudodea, mwanangu? Nipe mimi. Nami nikupe bwawa langu la samaki kule Kutch."

"Kutch si jangwa la chumvi?"

"Ndiyo maana samaki hawaozi."

Bhadresh akaitafuta kasoro ya hoja hiyo, asiione. Marobota yakachukuliwa jioni ileile.

Alipofika kulikagua bwawa lake alikuta chumvi mpaka macho yanapoishia, na ngamia mmoja aliyemtazama bila heshima. Akalia, tena kwa sauti. Akarudi Surat, moja kwa moja dukani kung'oa mtambo, huku akimpigia yule mzee. Ikajibu sauti ya adabu: "Kwa malalamiko, bonyeza tisa." Akabonyeza kwa nguvu zake zote.

Simu ya kaunta ikalia. Nyuma ya kaunta, mpaka darini, yalipangwa marobota anayoyajua. Akanyoosha mkono.

"Usiiguse," alisema Ratanben, akikunja sari. "Huyo ni wewe. Kaka yangu wa Kutch anakusalimu. Kaa hapo, usubiri mlio wa ishirini."