Uso wa Cheptoo kwenye Paketi ya Uji

Jumatatu, 3 Machi

Mkutano asubuhi. Wangeci, bosi wetu, bintiye marehemu Mzee Njuguna aliyeanzisha kiwanda hiki cha unga wa uji, ametangaza mapinduzi. Kuanzia sasa habari zote za kila bidhaa, viungo, uzito, maonyo, tarehe, zitakaa mahali pamoja kwenye kompyuta. Lebo isiyotoka humo haibandikwi. Eti mwaka jana paketi ilisema kilo moja, katoni ikasema gramu mia tisa, na wakili wa supamaketi akatuandikia barua. Barua moja tu! Zamani barua kama hizo tulifungia mandazi.

Msimamizi wa hiyo kompyuta ni Nangila, mgeni wa miezi minne. Mimi nimeshika lebo miaka ishirini na saba. Nina faili ya bluu. Hakuulizia faili yangu.

Halafu akaonyesha lebo mpya. Jani la kijani. Jani! Cheptoo ameondolewa.

Yule mama mwenye kikombe kwenye paketi yetu ni mke wangu. Khisa, mchoraji wa mabango, alimchora mwaka wa 1998 akiwa kwenye meza ya kufungia unga, kitambaa kichwani, akicheka kwa sababu nilikuwa nimejikwaa kwenye gunia. Alifariki miaka sita iliyopita. Nikimkumbuka sana naenda supamaketi, nasimama mbele ya rafu ya unga. Cheptoo arobaini pale, wote wanacheka.

Jani halitapita.

Jumanne, 4 Machi

Nimemwona Nangila. Nilikuwa mpole kama kasisi. Akasema tatizo si picha, ni maneno yaliyo chini yake: Huongeza damu, huondoa kifua. Akauliza nani alithibitisha. Nikamwambia shangazi yangu wa Mau Narok aliunywa kila siku akafika miaka tisini na moja. Akauliza kama kuna maandishi.

Maandishi? Hayo si kazi. Nikaketi stoo, nikaandika barua ya shangazi, kwa mkono wa kutetemeka, nikaweka tarehe ya jana. Nangila akaisoma mara mbili. Akaniuliza taratibu kama si huyu shangazi ambaye mwaka jana niliombea ruhusa ya kumzika.

Nilikuwa nimesahau kwamba ruhusa pia ziko kwenye kompyuta.

Alhamisi, 6 Machi

Ushindi!

Nilipata roli ya lebo za zamani nyuma ya magunia ya mtama. Nikampelekea Kipyegon wa mashine ya kufungia. Akauliza kama hii iko kwenye kompyuta. Nikamwambia bosi amekubali kwa mdomo, na mdomo wa bosi ni mkubwa kuliko kompyuta. Akakuna kichwa, akaifunga.

Paketi mia nne! Nilisimama pale nikiziangalia zikishuka, Cheptoo baada ya Cheptoo, na harufu ya wimbi iliyokaangwa ikanirudisha mbali. Siku hizo wanawake walifunga kwa mkono huku wakiimba nyimbo za kanisani. Cheptoo alianzisha, wengine wakaitikia. Saa nne Mzee Njuguna alikuja, akachovya kidole kwenye sufuria ya kuonjea, akasema tamu, basi unga ukaenda sokoni. Huo ndio uliokuwa ukaguzi. Kidole kimoja.

Gari likaondoka saa nane. Nilipunga mkono.

Ijumaa, 7 Machi

Sijui nianzie wapi. Mguu unauma.

Saa tisa Nangila alikuja mbio hadi stoo. Kompyuta imemwonyesha kwamba shehena ya jana ilitoka na lebo iliyofutwa. Nikaanza hotuba kuhusu urithi wa Mzee. Akanikatiza: "Mzee Micah, tangu Jumatatu huu unga una njugu. Lebo yako haisemi njugu."

Kumbe lilisemwa mkutanoni. Sehemu hiyo nilisinzia.

Akasoma orodha ya maduka. La tatu lilikuwa Kaptembwo, mlangoni kwetu. Jirani yangu Akoth ana binti wa miaka sita, Emmy. Njugu moja tu koo linavimba. Krismasi iliyopita tulimkimbiza hospitali, mimi ndiye nilishika mlango wa teksi.

Simu ya Akoth haikupatikana. Nikapanda boda boda. Sikumbuki njia. Nakumbuka nikiingia bila kubisha, sufuria mezani, Emmy na kijiko mkononi. Nikaipiga teke meza nzima. Uji ukanimwagikia mguuni.

Akoth akapiga kelele: "Baba Jepkosgei! Umeingiwa na nini?"

Nikasema uji una njugu. Akachukua paketi, akaigeuza, kidole kikifuata mstari kwa mstari. "Lakini nilisoma," akasema. "Mimi husoma kila kitu kabla sijampa. Hapa hakuna njugu."

Upande wa pili wa paketi Cheptoo alikuwa anacheka. Kwa mara ya kwanza sikuweza kumtazama.

Emmy hakuwa amekula. Hata kijiko kimoja. Asante Mungu.

Jumatatu, 10 Machi

Paketi mia tatu tisini na moja zimerudi, kwa sababu kompyuta ilijua kila katoni ilikoenda. Nane zililiwa na watu wasio na shida. Ya tisa niliimwaga mimi. Wangeci amenipa barua ya onyo. Alisema baba yake angelia. Nilistahili.

Kisha Nangila akaniita. Nilidhani ni kufutwa. Akageuza kioo cha kompyuta: Cheptoo! Ameondoa jani. Picha imeingizwa rasmi, viungo vyote chini yake, njugu kwa herufi nzito. Akasema hakuna sheria inayokataza mtu kucheka kwenye paketi. Nililia mbele ya msichana wa umri wa binti yangu Jepkosgei.

Nimeapa. Nimebadilika kabisa.

Jioni Wangeci akaniletea kazi ndogo ya kunituliza: kubandika lebo kwenye chupa za asali mpya kutoka Baringo. Lebo imeandikwa Asali. Neno moja! Tupu kama ukuta wa zahanati. Marehemu baba alikuwa akisema asali ya kule ilimrudishia usikivu wa sikio la kushoto.

Stika ndogo tu. Ukubwa wa kidole gumba. Hakuna atakayeumia.